Jinsi ya kusoma kiwanja kabla hujalipa: mchanga, tope na njia ya maji

Watu wengi wakienda kuangalia kiwanja wanaangalia barabara iko wapi, umeme umefika wapi na bei inashuka mpaka ngapi, basi, wanalipa. Maji hawayaulizi kabisa maana mara nyingi wanaenda mwezi wa saba au wa nane, kukavu, upepo mzuri, kabonde kamejaa nyasi za kijani kanapendeza, na dalali anasema huku hata inyeshe vipi maji yanapita tu hayakai. Sasa hapo kwenye kupita ndo kuna ishu yenyewe. Maji yakipita yanapita na udongo, yakipunguza mwendo yanauacha, na huo udongo unabaki pale miaka na miaka ukionyesha maji yalifika wapi, yalikuwa na nguvu kiasi gani na yalitokea upande upi. Ukijua kuusoma, maneno ya dalali utayasikiliza lakini utaamua kwa macho yako.

Mifano mingi nitatoa ya Dar kwa sababu huku ndo watu wanapoteza nyumba kila masika, ila mbinu zenyewe zinafanya kazi popote palipo na mto, korongo au mlima juu yako.

Kwanza shika kitu kimoja, bila hiki vingine vyote havitaeleweka. Maji yenye kasi yanabeba vitu vizito. Kasi ikipungua mawe yanaachwa kwanza, zinafuata kokoto, unafuata mchanga, na lile tope laini kabisa linasafiri mpaka sehemu ambayo maji yametulia ndo linashuka chini. Kwa hiyo ukikuta mawe makubwa ya mviringo yamekaa katikati ya shamba tambarare, jua kuna siku maji yalipita pale na nguvu ya kubeba mawe. Ukikuta tope laini jeusi lililolala sawasawa eneo zima, hapo maji yalikuja yakakaa. Hayo ni mambo mawili tofauti na hatari zake ni tofauti, la kwanza linabomoa nyumba kwa dakika chache, la pili linakukalia ndani wiki nzima na kuozesha kila kitu.

Angalia Msimbazi. Unaanzia vilima vya Pugu na Kisarawe, unashuka Vingunguti, Tabata, Kigogo, unafika Jangwani alafu unaingia baharini pale daraja la Selander. Huko juu kuna mteremko, maji yanakimbia na mchanga wake. Yakifika Jangwani ni tambarare, na bahari ikiwa imejaa ndo kabisa yanasukumwa yarudi, kasi inaisha, mchanga wote unashushwa hapo hapo. Kitanda cha mto, yani sakafu yake, kinapanda, uwazi wa chini ya daraja unapungua, mvua inayofuata maji hayana pa kupita yanatambaa pembeni na Barabara ya Morogoro inafungwa. Kijiko kinakuja kuzoa mchanga, baada ya muda umejaa tena, maana huko juu watu wanafyeka vilima na kufungua viwanja vipya kila siku na udongo wote ule unashuka. Mtu wa Jangwani anaweza kuingiliwa na maji hata siku ambayo kwake imenyesha manyunyu tu, mvua yenyewe imepiga Pugu. Ndo maana kusoma kiwanja hakuanzii kwenye kiwanja.

Tembea bonde zima kwanza

Kabla hujasimama kwenye hicho kiwanja chenyewe, panda juu kwa miguu nusu kilomita au zaidi ukifuata mkondo, alafu shuka chini umbali kama huo. Juu unaangalia nini kinakuja: kuna mlima umefyekwa, kuna machimbo ya kokoto, kuna mtaa mpya wa mabati matupu ambao maji yake yote yanamwagwa korongoni? Bati na lami havinywi maji, mvua ile ile ambayo zamani ilikuwa inazama kwenye kichaka sasa inakuja yote mara moja. Na chini unaangalia nini kinazuia, kalavati dogo, daraja lililojaa mchanga, ukuta wa mtu aliyejenga mpaka kwenye mkondo. Kama kuna kizuizi chini yako basi wewe uko kwenye bwawa, hata kama leo ni pakavu.

Kwenye kona za mto kuwa makini zaidi. Mto ukikata kona, maji ya upande wa nje ndo yanakimbia zaidi na yanakula ukingo, upande wa ndani yanapunguza kasi na kuacha mchanga. Kwa hiyo upande wa nje utaona ukingo umesimama wima, mbichi, hauna nyasi, mizizi inaning'inia hewani. Upande wa ndani utaona ufukwe wa mchanga unaoteremka taratibu. Kiwanja cha upande wa nje kinapungua kila mwaka, leo una mita 20 kwa 30 kwenye karatasi, kesho kutwa una mita 20 kwa 18 na nyingine imeenda baharini na hakuna wa kumdai. Upande wa ndani hakipungui, tena kinaongezeka, ila huo mchanga unaokuongezea ndo ushahidi kwamba mto ukijaa unalala hapo.

Na kama mto una malori ya mchanga yanaingia na kutoka, mimi nakwambia ondoka bila hata kuuliza bei. Mito ya Mbezi, Tegeta na Mpiji imechimbwa mchanga miaka mingi kwa ajili ya tofali na zege za jiji hili. Ukichimba shimo kitandani, maji yakifika pale yanaporomoka na kuendelea kula upande wa juu, shimo linatembea kupanda mto. Kitanda kinashuka, kingo zinabaki ndefu na wima, mvua ikipiga zinameguka vipande vikubwa. Nyumba iliyokuwa mbali na mto inajikuta ukingoni na nguzo za daraja zinabaki wazi miguu nje. Na hasara haiishii hapo, mchanga wa mito ndo unaolisha fukwe, bahari kila siku inachukua mchanga ufukweni na mito inarudisha, mto ukinyimwa mchanga bahari inaendelea kuchukua bila kurudishiwa. Kunduchi imeliwa sana, ile hoteli ya Africana iliyokuwa ufukweni bahari iliila mpaka ikaachwa, na uchimbaji wa mchanga kwenye mito inayomwaga maeneo yale ni sababu mojawapo inayotajwa. Watu wa kule juu mtoni na wavuvi wa Kunduchi hawajuani hata sura lakini wanatumia mchanga mmoja.

Ingia kiwanjani, angalia miti na kuta

Mti mkubwa ni shahidi mzuri kuliko mtu, angalia pale shina linapoingia ardhini. Kwa kawaida mwembe au mkorosho ukifika chini shina linatanuka, mizizi mikubwa unaiona inavyoanza kutawanyika juu ya udongo. Sasa ukikuta shina limezama ardhini wima kama nguzo ya umeme, halitanuki kabisa, ujue pale lilipotanuka pamefukiwa. Chukua kijiti chimba pembeni ya shina mpaka ukutane na mizizi mikubwa, hicho kina ulichochimba ndo unene wa mchanga ulioletwa tangu mti uote. Nusu mita ya mchanga kwenye mwembe ambao mwenye shamba anasema ulipandwa na baba yake, hesabu mwenyewe kizazi kimoja kimeletewa nini.

Ikiwa kinyume chake, mizizi iko juu hewani na mti umesimama kwenye kichuguu, hapo udongo umeondoka. Msingi wa nyumba nao unasema hivyo hivyo, ukiona nyumba ya jirani msingi uko nje mpaka yale mawe ya chini yanaonekana na ngazi ya mlangoni inaning'inia, maji yanakula kiwanja chao na chako kiko foleni.

Angalia na nyasi zilizonasa. Kwenye uzio wa seng'enge, kwenye matawi ya chini, kwenye michongoma, utakuta vinyasi vikavu, vijiti na plastiki vimejikunja upande mmoja. Urefu wake kutoka chini ndo urefu wa maji ya mwisho, na upande vilikonasa ndo upande maji yalikotokea. Vikiwa juu ya kiuno chako usiendelee kuhesabu vyumba.

Kwenye nyumba za majirani kuna alama ambazo mwenye nyumba ameshazizoea hata hazioni tena. Mstari wa tope ukutani. Plasta inayobanduka na unga mweupe wa chumvi mpaka usawa wa goti. Kizingiti cha tofali mbili tatu zilizojengwa mlangoni kiasi kwamba unaruka kuingia. Viroba vya mchanga vimepangwa uani. Ukikaribishwa ndani tazama kwa adabu tu, kitanda kimeinuliwa na matofali? soketi za umeme ziko usawa wa kifua badala ya chini? friji iko juu ya meza? Hao watu wanaishi na maji na wameshajipanga, huhitaji kuwauliza swali la uchokozi.

Mimea nayo. Matete, mafunjo, ndago na magimbi yanayoota yenyewe vinapenda maji karibu, mkindu vile vile. Ukiona watu wanalima mchicha na matembele mwezi wa tisa bila kumwagilia sana, maji yako chini kidogo tu ya miguu yako. Hapo hata kama mafuriko hayafiki, shimo la choo litajaa maji ya chini na karo halitanyonya, kila mvua uchafu unarudi uani. Watu wengi hili hawalifikirii mpaka wamehamia.

Chimba, usione aibu

Hii ndo sehemu ninayoisisitiza kuliko zote na ndo watu wanairuka. Omba ruhusa, chukua jembe na sululu, chimba shimo la mita moja kwenda chini sehemu ya chini kabisa ya kiwanja. Muuzaji akikataa usichimbe una jibu tayari. Kama kuna jirani anachimba karo au kisima ni bahati, nenda ukaangalie la kwake. Ukishachimba chukua kisu au panga kwangua ukuta mmoja wa shimo uwe safi, umwagie maji kidogo rangi zitokee, alafu kaa chini utazame kwa utulivu.

Ukiona udongo wa aina moja kutoka juu mpaka chini, mwekundu au wa kahawia, unabadilika taratibu tu, huo umekaa pale muda mrefu bila kusumbuliwa. Hiyo ni dalili nzuri.

Ukiona matabaka, mchanga mweupe, tope jeusi, mchanga, tope, mchanga tena, kila mchanga na tope lake ni safari moja ya mafuriko. Sogeza jicho karibu kwenye tabaka moja tu. Chini yake chembe ni kubwa, labda na vikokoto vidogo, ukipanda zinakuwa ndogo ndogo, na juu kabisa kuna ukoko mwembamba wa tope laini. Hiyo ni mafuriko kuanzia yanakuja na nguvu mpaka yanatulia na kukauka, yote kwenye unene wa kiganja. Pima tabaka la juu, likiwa liko karibu kabisa na uso wa ardhi basi ni la juzi juzi, na likiwa nene maji yale yalileta udongo mwingi.

Kuna kitu kingine kinasaidia kujua umri, nacho ni mifuko ya rambo, ile ya plastiki. Ukikuta rambo chini ya tabaka la mchanga basi ule mchanga umekuja baada ya watu kuanza kutupa rambo, sio enzi za mababu, na mtu akikwambia huku maji hayajafika toka zamani unamwonyesha tu. Mifuko hiyo imepigwa marufuku Tanzania tangu Juni 2019 ila ardhini ipo tele. Sasa tofautisha: rambo zikiwa zimelala bapa kati ya tabaka na tabaka, zimeletwa na maji. Zikiwa zimechanganyika hovyo na vipande vya tofali, vigae, nguo na chupa, hicho ni kifusi, mtu amejaza bonde akasawazisha akaweka moramu juu na sasa anauza. Kifusi kinashuka, nyumba inapasuka, na maji yaliyokuwa yanakaa pale hayajapotea, yanatafuta pa kwenda.

Rangi ya kijivu yenye madoa ya kutu ina maana udongo unakaa na maji miezi mingi ya mwaka. Na ule mweusi wa mbuga unaopasuka nyufa za kuingiza vidole kiangazi, alafu masika unavimba na kunata kwenye viatu, hauhusiani sana na mafuriko ila utakupasulia kuta na kukaba milango, usijenge juu yake bila injinia kukuchorea msingi wake.

Unaweza kwenda mbali zaidi kwa chupa. Chukua chupa ya maji ya lita moja na nusu iliyo wazi, weka udongo theluthi, jaza maji, weka sabuni ya unga kidogo, tikisa kweli kweli, alafu iache mezani isisogezwe. Mchanga unatua ndani ya dakika moja hivi, vumbi laini saa kadhaa, mfinyanzi unaweza kuchukua siku nzima au zaidi ndo maji yawe meupe. Fanya kwa udongo wa juu na wa chini ya shimo ulinganishe. Dar hata vilimani kuna mchanga mwingi kwa hiyo mchanga peke yake usikutishe. Ila mchanga wa kilima umepakwa wekundu, ukiusugua kiganjani unaacha rangi. Mchanga wa mto umeoshwa, chembe moja moja zinaonekana, kiganja kinabaki safi. Ukikuta mchanga ulioshwa juu ya kiwanja ambacho kiko mita 100 kutoka mtoni, mto ulifika hapo kwa miguu yake.

Chini ya mlima ni hesabu nyingine

Wanaonunua mlimani au miguuni mwa mlima wanajiona wako salama sababu mto uko mbali. Tarehe 3 Desemba 2023 sehemu ya mlima Hanang ilimeguka baada ya mvua kubwa, tope, mawe na magogo vikashuka mpaka mji wa Katesh na vijiji vya jirani kama Gendabi, watu zaidi ya 80 wakafariki. Yale hayakuwa mafuriko ya kawaida, lile lilikuwa tope zito linalotembea na linabeba jiwe la ukubwa wa gari. Mungu awarehemu.

Alama zake ndo hizi. Pale korongo linapotoka mlimani na kufungukia tambarare, udongo unajipanga umefunguka mithili ya feni, juu mwembamba chini mpana, na mteremko wa taratibu. Panapendeza sana, pana rutuba, pana maji, ndo maana vijiji vingi vimekaa hapo. Chimba au tazama kwenye ukingo wa korongo, ukikuta mawe makubwa na madogo yamechanganyika na tope bila mpangilio wowote, yani jiwe kubwa limeelea katikati ya udongo laini, hilo lilikuja kwa mporomoko. Mto wa kawaida unachambua, unaweka mawe huku na mchanga kule. Mporomoko hauchambui. Ukiona hivyo jenga pembeni kwenye kigongo, usijenge kwenye mdomo wa korongo hata kama korongo lina nyasi na halijawahi kutiririka toka umezaliwa.

Kilosa, mkoani Morogoro, nako kuna funzo la tuta. Mto Mkondoa umezuiwa na matuta yaliyojengwa toka enzi za wakoloni, na Desemba 2009 kuingia Januari 2010 maji yalivunja tuta yakaingia mjini, maelfu wakakosa makazi na reli ya kati ikakatika. Mto uliozuiwa kwa matuta mchanga wake haupati pa kutawanyika, unashuka ndani ya mto wenyewe, kitanda kinapanda kidogo kidogo mpaka mto unakaribia kuwa juu kuliko mtaa. Kwa hiyo ukiambiwa hapa pana tuta hapana shida, panda juu ya tuta, linganisha kwa macho kitanda cha mto upande mmoja na barabara ya mtaa upande wa pili. Kama vinalingana, tuta ndo limebeba maisha yenu wote, ulizia nani analikarabati na mara ya mwisho lini.

Uliza watu sahihi, kwa swali sahihi

Usiulize "huku kuna mafuriko?" Kila mtu ana nyumba ya kuuza au ndugu anayeuza, atasema hakuna. Muulize bodaboda: kaka, mvua kubwa ikinyesha mnapita njia gani? Atakutajia njia zote zinazofungwa bila kujua umeuliza nini. Muulize mama wa genge: shikamoo mama, masika biashara inakuwaje hapa? Waulize watoto wa shule, wao wanajua siku ambazo hawakwenda. Wazee waulize mto ulikuwa unapita wapi zamani, maana mito inahama, ule mkondo wa zamani unabaki kama kabonde kalikojipinda na mvua kubwa ikija maji yanaukumbuka.

Kwa wenye kompyuta, fungua Google Earth rudisha picha za miaka ya nyuma, tazama mto ulivyokuwa na rangi ya ardhi baada ya masika. Dakika kumi tu.

Na sheria ipo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto, ziwa, bwawa au bahari. Hesabu hatua zako kutoka ukingoni, kutoka ukingoni sio kutoka katikati ya maji. Serikali ya mtaa kugonga mhuri kwenye karatasi ya mauziano hakuondoi hizo mita 60, na nyumba nyingi za bonde la Msimbazi zilizopigwa X nyekundu ya kubomolewa wenyewe walikuwa na karatasi za mtaa. Baada ya mafuriko ya Desemba 2011 yaliyoua watu zaidi ya 40 jijini, serikali iliwapeleka watu wa mabondeni Mabwepande, pembezoni mwa jiji, na baadae mradi wa bonde la Msimbazi umelipa fidia na kubomoa nyumba ili bonde libaki la maji. Usinunue leo sehemu ambayo wenzako wamelipwa wahame.

Nenda masika, sio baada ya masika. Mvua kubwa ikinyesha usiku asubuhi yake uwe pale, kabla jua halijakausha na kabla watu hawajafagia. Angalia tope bichi limeishia wapi. Usiingie kwenye maji yanayotembea hata kama yanaonekana ya magotini, maji ya magoti yenye kasi yanamwangusha mtu mzima na huoni shimo lililo chini yake.

Ardhi ya mto sio mbaya, inategemea unaipa kazi gani

Hapa naomba nieleweke. Sisemi mkimbie mito. Ardhi bora za nchi hii zimeletwa na mito. Warufiji wanalijua hili kuliko yeyote, mafuriko yakishapungua wanalima mlau, yani kilimo cha kwenye tope lililobaki, mahindi na mboga zinatoka bila mbolea ya dukani, na wakati wa kulinda shamba wanakaa kwenye dungu, kibanda kilichoinuliwa juu ya miti ili maji yapite chini. Mwishoni mwa miaka ya 1960 serikali iliwahamisha watu bondeni kwenda juu, wakaenda, ila kulima wakaendelea kulima kule kule bondeni kwa sababu huko juu udongo hauna kitu. Mafuriko ya Aprili 2024 yaliharibu sana Rufiji na Kibiti, hilo sipingi, lakini bila mafuriko Rufiji isingekuwa na rutuba ile wala delta wala ile mikoko, msitu mkubwa kabisa wa mikoko Afrika Mashariki umesimama kwenye tope la huo mto.

Kwa hiyo kiwanja kikishindwa mtihani wa nyumba sio lazima ukiache, kama kiko nje ya mita 60 na bei inashuka kweli, kinunue kama shamba. Lipa bei ya shamba. Panda migomba, miwa, mboga za msimu, weka banda la kuhamishika, nyumba jenga sehemu nyingine.

Kama tayari unaishi bondeni

Wengi mnaosoma hapa mko tayari ndani na hamna pa kwenda kesho, najua. Kuna vya kufanya.

Usijenge ukuta mzima wa tofali kukatisha njia ya maji. Maji yatajaa nyuma yake, ukuta utaanguka kwa mara moja na kuua mtu. Acha matundu makubwa chini au weka uzio wa waya upande maji yanakoingilia na upande yanakotokea. Ukingoni panda nyasi za vetiva au mabingobingo kwa mistari inayokingama mteremko, mizizi yake inashika udongo, na usilime mpaka kwenye mdomo wa ukingo, acha mita kadhaa za nyasi na miti. Ukingo ulio wima unahitaji gabioni, yale maboksi ya waya yaliyojazwa mawe, zilizofungwa na mtu anayejua, matairi yaliyojazwa udongo yanasaidia mteremko mdogo tu. Kifusi usitupe mtoni kulinda upande wako, unasukuma maji kwa jirani wa ng'ambo na mchanga kwa jirani wa chini, na yeye akitupa cha kwake maji yanarudi kwako. Maji ya bati lako yakinge kwenye tanki. Soketi zipandishe juu, hati na vyeti viweke kwenye mfuko usiopitisha maji sehemu ya juu, na maji yakianza kuingia zima umeme kwenye meini swichi ukiwa bado uko pakavu.

Na fanyeni kitu kimoja kama mtaa, hakigharimu hela nyingi. Chukueni rangi, wekeni alama za sentimita kwenye nguzo ya daraja la karibu kuanzia kitandani kwenda juu, alafu kila mwisho wa mwezi mtu mmoja aandike mchanga umefika alama ipi, apige na picha. Mchanga ukipanda mnaujua mapema uwazi wa daraja unapungua, ukishuka ghafla mnajua kuna watu wanachimba mahali. Hizo picha na namba mkazipeleke kwa mwenyekiti wa mtaa na kwa diwani mwezi wa pili, kijiko kije kuzoa kabla masika hayajaanza mwezi wa tatu.